Shangazi, miaka yangu ya shule niidai kwa nani?

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 21, naishi Moshi, nafanya kazi ya mitumba soko la Kiboriloni. Barua hii ananiandikia mtoto wa jirani aliyeko kidato cha pili. Mimi nasema, yeye anaandika. Jina la pale chini ndilo nililoandika kwa mkono wangu.

Kwetu ni Singida. Nilikuwa darasa la tatu, nina miaka 9, alipokuja mama mmoja wa ukoo wetu anayeishi huku mjini, akamwomba baba anichukue akanisomeshe. Baba alifurahi. Nilishonewa sketi ya shule ya bluu, nikaja nayo kwenye basi nimeipakata. Sketi ile sikuivaa hata siku moja. Nilimkuta mtoto mchanga, nikambeba. Akazaliwa wa pili, nikambeba. Saa kumi na nusu alfajiri niko macho: maji, moto, chai, nepi. Kila Januari nikiuliza shule naambiwa mwakani. Mwisho sketi ilichanwa ikawa tambara la kudekia. Nilitoka pale nina miaka 17, nikapokewa na mama mmoja wa sokoni, Mungu ambariki, hajawahi kunipandishia sauti.

Kuhesabu najua. Belo likifunguliwa nakwambia humu kuna shilingi ngapi kabla bosi hajamaliza kuchambua. Ila kusoma nasoma herufi moja moja, neno likiwa refu linanipotea katikati. Mwezi uliopita kuna kijana alinitumia meseji, nikampa mwenzangu anisomee, akaisoma kwa sauti kibanda kizima kikasikia. Nilikwenda kulia chooni.

Kuna dada hapa sokoni hununua jarida hili, wateja wakipungua mchana hutusomea ukurasa wako. Toleo la mwezi wa tano ulimjibu mama mmoja wa Sanawari, ukamtaja kwa mstari mmoja tu jaji Myahudi wa mahakama ya pale Arusha, kwamba vita vilimtoa shule na miaka 9 akarudi na miaka 15. Nilikuwa nimekaa, nikasimama. Miaka 9, kama mimi. Shangazi, ni kweli? Au alikuwa mtoto wa tajiri? Maana hadithi hizi hazisemi mtu alikuwa anakula nini wakati anasoma. Na hasira zilimwisha? Mimi bado naamka saa kumi na nusu hata siku ya mapumziko, moyo unakwenda mbio nikidhani mtoto analia. Yule mama wa ukoo sasa ananipigia simu niende kwenye harusi ya mdogo wake, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimeshindwa kumjibu.

Nimechelewa, au bado?

NILIYECHELEWA
Kiboriloni, Moshi

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Nilipomaliza kuisoma barua yako niliigeuza. Mtoto wa jirani ana mwandiko mwepesi, nyuma ya karatasi huuoni. Ila pale chini ulipoandika mwenyewe kalamu umeikandamiza hata upande wa pili nikipitisha kidole nazihesabu herufi zote 13. Nimefundisha watu wazima kusoma na kuandika hapa Arusha kwa miaka 22, na mkono wa namna hiyo naufahamu. Nitaurudia nikishamaliza mengine.

Naomba radhi kwa ule mstari mmoja. Niliyapita maisha ya mtu mbio, kama daladala iliyojaa inavyopita kituo, kumbe kituoni kuna mtu amesimama.

Ni kweli. Jaji huyo anaitwa Theodor Meron. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1930 katika mji wa Kalisz, nchini Poland, huko Ulaya katikati ya Ujerumani na Urusi. Ni mtoto wa Kiyahudi, na Kalisz si mji ambao Wayahudi walikuwa wamefika jana. Mwaka 1264 mtawala wa pale aliyeitwa Bolesław aliwapa hati ya kuwalinda, wafanye biashara zao na wasali bila kubughudhiwa. Karibu miaka 700 wamezaliana hapo, wamezikana hapo, wamefungua maduka na shule. Nakutajia hili kwa sababu wengi wetu hudhani mtu akifukuzwa mahali basi alikuwa mgeni.

Tarehe 1 Septemba 1939 majeshi ya Hitler yaliivamia Poland. Huo ndio wakati watoto wa kule hufungua shule. Theodor alikuwa na miaka 9 na miezi minne. Kalisz ilikuwa karibu kabisa na mpaka wa Ujerumani, kwa hiyo ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuonja. Wajerumani waliikata sehemu ile ya nchi wakaifanya yao, na Wayahudi wakaanza kusakwa. Shule kwa mtoto wa Kiyahudi ikawa imefungwa. Watu wakalazimishwa kuvaa nyota nguoni ili Myahudi ajulikane akiwa bado yuko mbali. Mwaka haukwisha, wengi wao wakawa wameshaondolewa Kalisz, kila mtu na kifurushi alichoweza kubeba.

Theodor akaangukia Częstochowa, mji mwingine wa Poland. Anayekusomea asihangaike na mkia wa ile herufi, atamke Chenstohova. Kulikuwa na geto huko. Vijana wetu wakisema geto wanamaanisha chumba cha kupanga. Hili ninalolisema ni mtaa uliotengwa kwa amri, Wayahudi wakasukumiwa humo ukoo kwa ukoo, chumba kimoja familia kadhaa, chakula cha kipimo cha kukondesha, na anayekutwa nje bila kibali anauawa. Tarehe 22 Septemba 1942, siku moja baada ya ile siku yao kuu ya kufunga na kutubu, Wajerumani walianza kulimwaga geto hilo. Kwa wiki mbili tatu hivi watu karibu 40,000 walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo wakapelekwa Treblinka. Kambi ile ilijengwa kwa kazi moja tu, kuua kwa gesi. Wengi waliofika hawakumaliza siku.

Waliobakizwa Częstochowa walibakizwa kwa ajili ya mikono yao, maana viwanda vya risasi vya mjini pale vilitaka vibarua wasiolipwa. Theodor alipitia kambi ya kazi za lazima akiwa na umri ambao wenzako, binti yangu, walikuwa wakijifunza kuzidisha na kugawanya. Wengi wa familia yake waliuawa. Jeshi la Kisovieti lilipoingia mjini Januari 1945 alikuwa bado hajatimiza miaka 15.

Wewe naye siwapimi kwa mzani mmoja, na naona hata wewe hukutaka kujipima hivyo. Wayahudi milioni 6 waliuawa katika Maangamizi yale, na kosa lao lilikuwa kuzaliwa. Ila ulipoisikia namba 9 ukasimama, na mimi sitakwambia ukae. Mtoto aliyeporwa darasa anajua kitu ambacho sisi tuliosoma bila kukatizwa hatukijui. Meron mwenyewe amekisema hadharani zaidi ya mara moja: vita vilimwachia njaa ya kusoma, akawa anaota siku atakayoingia darasani. Wewe ulikuwa unauliza kila Januari. Ni njaa hiyo hiyo.

Umeuliza alikuwa anakula nini, na ninakushukuru kwa swali hilo, maana wanaosimulia habari za watu wakubwa hulikimbia. Alipotoka kambini alipelekwa Palestina, ambayo mwaka ule wa 1945 ilikuwa chini ya Waingereza. Wayahudi wa kule walikuwa na utaratibu wa kuwapokea vijana walionusurika, kuwapa pa kulala na kuwatia shuleni. Kazi hiyo walikuwa wameianza tangu miaka ya 1930, walipokuwa wakiwatoa watoto Ujerumani kabla mambo hayajachacha. Kwa hiyo kulikuwa na mlango, na kulikuwa na watu waliokaa mlangoni kumngoja mtoto kama yeye. Asikudanganye mtu kwamba kijana wa miaka 15 hujenga maisha peke yake kwa ushujaa. Wewe mwenyewe ulipewa mlango na yule mama wa sokoni, na umemwombea baraka katika barua yako kabla hujaniuliza chochote.

Shule za Wayahudi kule zilifundisha kwa Kiebrania, si kwa Kipolandi cha mitaa ya Kalisz. Sasa kwa kuwa hesabu unaijua, nipigie hii. Mwaka 1945 ana miaka 15 na pengo la miaka 6. Mwaka 1954 amemaliza sheria katika Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem. Mwaka 1957 chuo cha Harvard, Marekani, kinampa shahada ya udaktari wa sheria. Ana miaka 27, na ni miaka 12 tu tangu atoke kambini.

Ninalotaka sana ulisikie ni hili, hata kama mengine utayasahau. Novemba 1945 wakubwa wa utawala wa Hitler walianza kuhukumiwa Nuremberg, na kesi nyingine zikafuata kwa miaka mingi. Watesaji wengi hawakufikishwa mbele ya jaji yeyote mpaka wakafa kwa uzee. Kijana yule angesema ngoja kwanza haki ipatikane, ngoja ndoto mbaya ziishe, ngoja mtu aje aniombe radhi, ndipo nishike kalamu, kalamu asingeishika kamwe. Aliishika kidonda kikiwa kibichi. Wewe katika barua yako umeyafunga mambo mawili fundo moja, shule na yule mama wa ukoo, kana kwamba la pili lisipokwisha la kwanza haliwezi kuanza. Lifungue fundo hilo. Darasa halidai uwe umemsamehe mtu.

Kiti cha jaji Meron alikuja kukikalia mwaka 2001, ana miaka 71, katika mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili ya Yugoslavia ya zamani kule The Hague. Mwaka 2004 ndiye aliyeongoza majaji wa rufaa waliotamka kwamba yaliyofanyika Srebrenica, Bosnia, mwaka 1995, pale wanaume na wavulana wa Kiislamu zaidi ya 7,000 walipouawa, yalikuwa mauaji ya kimbari. Mtoto wa Kiyahudi wa Częstochowa ndiye aliyesoma maneno hayo kwa ajili ya Waislamu wa Bosnia. Alikaa pia katika rufaa za mahakama ya pili, ile ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokuwa hapa Arusha. Mwaka 2012 akawa rais wa kwanza wa chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi za mahakama zote mbili. Tawi la Arusha la chombo hicho lilianza Julai mwaka huo, na Novemba 2016 likafungua majengo yake Lakilaki, Arumeru, kwenye ardhi iliyotolewa na serikali yetu. Barabara ya kuingilia pale imepewa jina la Haki.

Hasira zilimwisha? Ya moyoni mwake ni yake. Mimi naangalia kazi, na kazi inaonyesha mtu aliyeishika sheria hata ilipowauma wa kwao. Mwaka 1967, akiwa mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Israel, aliwaandikia wakubwa wake kwamba kuhamishia raia kwenye ardhi iliyotekwa vitani ni kinyume cha Mkataba wa Nne wa Geneva. Na si kwamba kila alichoamua kiliwapendeza waliodhulumiwa. Mwishoni mwa mwaka 2016 aliamuru baadhi ya wafungwa wa kesi za Rwanda waachiwe kabla ya muda wao, na manusura wengi wa Rwanda waliumia sana. Ninawaelewa. Sikuletei mtakatifu.

Mimi sikuwahi kumwona kwa macho. Habari zake nilizisikia kwa mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa mlinzi kwenye mahakama ya Rwanda. Lakini mahakama yenyewe niliiona. Mwaka 2003 niliwapeleka wanafunzi wangu wazima AICC, kituo cha mikutano ambamo mahakama ile ilikuwa ikikaa, lile jengo la mabawa matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, ambalo watu wengi wa Arusha tulizoea kulipita kando tukienda sokoni bila kuinua macho. Tuliacha mikoba mlangoni, tukapewa hedifoni. Kati yetu na mahakama kulikuwa na kioo kikubwa. Shahidi alikuwa mwanamke, yuko nyuma ya pazia, na hakuitwa kwa jina, aliitwa kwa herufi. Wakili akamuuliza amesoma mpaka darasa la ngapi. Akanyamaza. Kwenye hedifoni mkalimani naye akanyamaza, ukasikia feni tu. Kisha likaja jibu: la tano. Mwanafunzi wangu mmoja, mama wa miaka 50 aliyekuwa akiuza magimbi soko la Kilombero, alivua hedifoni akaziweka mapajani, akasema polepole, "Hata mimi ningenyamaza." Mambo mengine yaliyosemwa siku ile yalikuwa ya kutisha kuliko hilo, na sitayaandika hapa. Lakini lililokuja na mimi nyumbani ni ule ukimya.

Yale maneno yetu, mauaji ya kimbari, nayo yana mtu nyuma yake. Jina la kosa hilo kwa lugha za Ulaya, genocide, lilitungwa na Myahudi mwingine wa Poland, mwanasheria Raphael Lemkin, aliyewakimbia Wajerumani akafika Marekani mwaka 1941. Alilichapisha mwaka 1944, akiunganisha neno la Kigiriki la ukoo na la Kilatini la kuua, na Waswahili wakafuata njia ile ile kwa neno mbari, yaani ukoo. Vita vilipokwisha akahesabu jamaa zake 49 waliouawa, wazazi wake wakiwamo. Alizunguka na mkoba wake kwenye korido za Umoja wa Mataifa akiwasihi wajumbe mmoja mmoja, hadi mkataba wa kuzuia kosa hilo ukapitishwa tarehe 9 Desemba 1948. Karibu miaka 50 baadaye, tarehe 2 Septemba 1998, mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba kule Rwanda, alihukumiwa hapa Arusha. Kila nikipita AICC nalikumbuka hilo, na huwaeleza wanafunzi wangu wote.

Sasa nikutolee cha nyumbani kwangu.

Mama yangu alizaliwa Akheri, mlimani juu ya Tengeru, na alikuwa na miaka kama minane wazungu wa Poland walipoanza kuletwa mwaka 1942. Walifika karibu 5,000, wengi wanawake na watoto. Hawa mateso yao yalikuwa tofauti, usiyachanganye na ya Meron: wengi wao walikuwa Wakatoliki, na waliowang'oa makwao walikuwa Wasovieti, wakawatupa Siberia na Kazakhstan, kisha wakapitia Iran mpaka wakatua kwetu. Makaburi yao yako Tengeru hadi leo na yanatunzwa. Waliishi kwenye nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi. Bibi alimtuma mama na chane za ndizi na kibuyu cha maziwa awauzie, na alichokikuta kule kilimshangaza maisha yake yote. Watu wale walikuwa wametoka kwenye njaa na baridi ya kufa, wengine wamezika watoto njiani, lakini walikuwa wameshafungua shule. Watoto walikuwa wakihesabu kwa kuitikia. Mama alikuwa akitua mzigo chini ya dirisha, anasikiliza. Yeye shule hakupelekwa. Walipelekwa kaka zake.

Mpaka uzeeni mama alihesabu mayai hivi: yeden, dva, tshi. Kipolandi alikijua mpaka kumi kabla hajajua kusoma Kiswahili.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka uliofuata darasa la kisomo likafunguliwa kwenye kibaraza cha kanisa kijijini kwetu. Mama alikuwa na miaka 37 na watoto watano. Aliyewafundisha alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, umri wa kuwa mwanawe. Penseli aliishika kama mwiko, kwa ngumi. Jioni alikuwa akifuta jivu mbele ya figa, anaandika juu yake kwa kijiti, anafuta, anaandika tena, na sisi watoto tulikatazwa kucheka. Msimu wa kahawa ulipofika alipeleka gunia lake kwenye mizani kama kila mwaka, karani akamtajia kilo na kumpa stakabadhi. Zamani angeikunja aiweke kwenye pindo la kanga. Siku ile aliifungua, akaitazama kwa muda, foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika, kisha akamwambia karani: "Hapa umeandika 41. Mdomo wako umesema 36." Karani alichukua stakabadhi, akasoma, akalipa za 41. Mama aliniambia njia nzima ya kurudi magoti yalikuwa yakimtetemeka.

Haya, tuje kwako.

Mpango wa MEMKWA ni wa watoto na vijana waliokosa shule ya msingi, kwa miaka 21 umeshakupita. Kwa watu wazima yapo madarasa ya MUKEJA, ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Nenda ofisi ya kata yako Kiboriloni umuulize Afisa Elimu Kata darasa la karibu linakaa wapi na saa ngapi. Akikuzungusha, panda kwa Afisa Elimu Watu Wazima wa manispaa. Kila halmashauri inaye. Usiseme "nimekuja kuuliza tu." Sema unataka kuandikishwa. Hapo ndipo utakapoanzia, na hutakaa na watoto, utakaa na kina mama kama yule wa magimbi. Baadaye, ukishasoma bila kusimama, kuna njia ya sekondari kwa waliokosa: unafanya Mtihani wa Maarifa, ule wanaouita QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hiyo ni safari ya miaka. Bosi wako mweleze mapema, kabla ya Desemba, maana Wachaga wakirudi nyumbani kwa Krismasi soko halilali na hatakuwa na masikio.

Kuhusu kuamka saa kumi na nusu: mwili wako ulifundishwa na hofu, na hofu haisahau upesi. Manusura wengi wa kambi zile walieleza kwamba hata miaka 40 baadaye bado kishindo cha mlango kiliwarusha kitandani. Hujarogwa. Nenda hospitali ya Mawenzi, uulize kliniki ya afya ya akili, uwaambie kama ulivyoniambia mimi.

Na yule mama wa ukoo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa, na wewe ulianza ukiwa na 9. Ukitaka kulifikisha mbele, mlango wa kwanza ni Afisa Ustawi wa Jamii wa manispaa. Hutaki sasa, si lazima. Harusi usiende kama moyo haupo, na simu yake usiione ni deni. Mimi mwenyewe ninamkasirikia kwa ile sketi, sitakuficha.

Limebaki la mkono wako. Herufi 12 umezipatia. Moja tu umeigeuza, ile ya kwanza, N. Mwambie anayekusomea akae kando yako sasa hivi, achukue kipande cha karatasi. Simamisha nguzo mbili, ya kushoto na ya kulia. Mstari wa kuziunganisha anzia juu kabisa ya nguzo ya kushoto, ushuke nao mshazari mpaka chini kabisa ya nguzo ya kulia. Wewe ulianzia chini ukapanda. Andika kumi. Na usikandamize sana, wino unatoka wenyewe.